Mahali Uliposhukia, Kati ya Buffalo na Columbus

Kaka Nestori, uliyeshuka njiani bila kutuaga,

Jumamosi hii tunaondoa matanga yako. Nimeikwepa siku hiyo kwa kila kisingizio ninachokijua: mara ukumbi wa kanisa una harusi, mara nina zamu ghalani, mara shangazi hajapata ruhusa kazini kwake. Watu wa mtaa wetu wa Beechmont wamenichoka. Wanasema Odeta ana kichwa kigumu kama cha kaka yake, nami nawajibu kwamba hilo ndilo tusi zuri kuliko yote niliyotukanwa tangu nifike Amerika.

Lakini sababu unaijua. Kwetu matanga hayaondolewi kimyakimya. Mtu wa damu husimama mbele ya watu akaeleza marehemu aliugua nini, alifia wapi, na nani alikuwa naye. Na mtu wako wa damu wa karibu, wa tumbo moja, ni mimi tu, maana mke ulikataa kuoa ukasema umeshaoa besiboli. Ningesimama niseme nini? Karatasi ya hospitali inasema ulifia Columbus. Columbus ipi, kaka? Columbus tulifungua mlango wa gari ukiwa umeshapoa.

Kwa hiyo timu haichezi. Mpaka matanga yaishe hakuna anayethubutu kuchuchumaa mahali pako nyuma ya mpigaji, na bila mdakaji hakuna mchezo. Wapinzani wetu wa Buffalo wametuma ujumbe kwamba tusipokwenda mwaka huu, ligi ndiyo imekwisha, na siwalaumu, wametungoja vya kutosha. Ligi yako mwenyewe, Nestori, inakufa kwa sababu mimi sijui pa kusema ulifia. Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana nimewaruhusu wote waisome.

Unakumbuka siku ulipoleta lile gongo la kupigia mpira nyumbani? Ulitoka kazini Jeffersontown ukapanda nalo basi la mji, umeliweka begani kama mlinzi wa mgodi, na mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilidhani umegombana na mtu. "Nani kakufanya nini?" nikakuuliza, huku natafuta viatu, maana nilikuwa tayari kwenda kupigana bila hata kujua kosa. Ukacheka mpaka ukaegemea friji. Ukanieleza kwamba yule mzee Mmarekani mnayepakia naye mizigo amekupa, na kwamba wakati wa mapumziko anakufundisha kudaka mpira kwa glavu, huko nyuma ya ghala.

"Odeta, huu mchezo ni rede," uliniambia. "Ni rede ya watu wazima."

Hapo ndipo balaa lilipoanza! Rede ulikuwa mchezo wetu wasichana kule Ngara, kwenye kambi ya wakimbizi. Wawili wanarusha mpira wa soksi, mmoja huku na mwingine kule, nawe uko katikati unakwepa na kujaza mchanga kwenye chupa. Mpira ukikugusa, umetoka. Wewe ulikuwa mvulana wa pekee aliyecheza nasi bila haya, na wenzako walipokucheka uliwapiga mpira wa mgongo wakanyamaza. Basi ulipoona Wamarekani nao wanarusha mpira, wanakimbia na kupiga kelele "ametoka", ukaona hakuna haja ya kuuliza zaidi. Uliwakusanya vijana wa Kirundi wa nyumba zile za kupanga, wote watoto wa kambi, ukawapeleka uwanja ulio nyuma ya shule, ukawafundisha besiboli yenye sheria za rede. Nasi tukaamini. Nani angekubishia wewe!

Jina tulipewa na Gaspari, rafiki yako wa tangu kambini, yule anayeendesha gari la kanisa Jumapili na kutunza wazee siku nyingine zote. Alikuja kututazama mazoezini, akaona kila mpira unapokuja tunaruka huku na huku, akasema hii si timu, ni senene. Tukabaki Senene. Baadaye watoto walitaka jina la Kiingereza la kutisha, la chui au la radi, ukawaambia kwamba anayetaka kuwa chui aende akaanzishe timu ya chui.

Mechi ya kwanza tulicheza Columbus, kesho yake baada ya harusi ya binamu yetu. Wakongo wa kule, watu wa milima ya Kivu Kusini, walikuwa na timu yao, wamefundishwa na watoto wao waliousoma mchezo shuleni. Walijiita Milima. Nahodha wao Zebedayo, na tumbo lake lile la heshima, alipiga mpira ukaenda mbali, akaanza kukimbia besi kwa besi, vile vituo vya mkimbiaji, mkono mmoja ameshika suruali isimvuke. Mpira ukakufikia. Mtu yeyote anayejua besiboli angeutupa kwenye besi. Wewe ulilenga. Ulimpiga Zebedayo katikati ya mgongo kwa nguvu zote za Ngara, puu! Na sisi Senene wote, mimi mbele, tukaruka juu: "Ametokaaa!"

Weee! Wamama wa harusi walisimama na sahani mkononi. Zebedayo akageuka polepole.

"Bon," alisema. "Munakuya kwetu na harusi, tunabapatia chakula, kisha munatupiga. Donc hii haiko muchezo, hii ni vita!"

Vijana wao wakaanza kusogea, wa kwetu nao wakasogea. Wewe ulitupa glavu chini ukamwendea mikono wazi. "Mzee wangu, nisamehe. Kwetu ukipigwa umetoka."

"Kwenu ni wapi huko?"

"Kambini."

Zebedayo alikutazama, anajipapasa mgongo, halafu akakaa kwenye nyasi pale pale akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akawaita watoto wake wakutafsirie sheria, nao wakakueleza kwa Kiingereza, nawe ukaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Siku hiyo walitufunga vibaya sana. Lakini jioni, kwenye masufuria ya mwisho ya harusi, nyinyi wawili mlianzisha ligi.

Buffalo waliingia mwaka uliofuata, kwa sababu Zebedayo ana shemeji kule, nao walikuwa mchanganyiko wetu sote, Warundi na Wakongo, wakajiita Theluji. Nusu ya mwaka wanafanya mazoezi kwenye chumba cha chini cha kanisa, wanarushiana mipira katikati ya viti, ndiyo maana mpira wao unakuja chini na kunyooka. Ligi ya Miji Mitatu. Kombe hatukuwahi kuwa nalo. Mwenyeji anapika, na aliyeshinda ndiye anayeosha masufuria, ili asivimbe kichwa. Hiyo sheria ni yako. Na kabla ya kula, mpira wa ngozi unawekwa kando, mtu anatoa wa soksi, na kila mtu anacheza rede, bibi na wajukuu, wenyeji na wageni, kwa kuukumbuka mgongo wa Zebedayo. Nimewahi kuona Wamarekani wanaotembeza mbwa wakisimama kututazama, hawaelewi ni mchezo gani, na mmoja aliomba kuingia. Ulimtoa kwa mpira wa kwanza.

Halafu mdomo wako! Ulichagua kuwa mdakaji kwa sababu mdakaji anachuchumaa karibu na adui na anaweza kumsemesha. Mpigaji amekaza misuli, anasubiri mpira, nawe chini yake unauliza kwa upole, "Mama mkwe wako anaendeleaje? Nasikia anahamia kwenu." Mpira unapita, mpigaji bado anafikiri. Zebedayo alimwomba refa akuzibe mdomo. Refa alikuwa mchungaji wao, akasema haoni andiko linalokataza.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Buffalo kwao hatukuwahi kuwafunga. Siku ile tuliwafunga. Ulidaka mpira wa mwisho umelala kifudifudi, ukabaki chini kidogo, tukakuinua tukakubeba. Ulilalamika bega. Ulisema ni mpira wao wa chumba cha chini ulikugonga, tukamcheka mrushaji wao. Tukaosha masufuria kwa kelele, wewe ukaosha ukiwa umevaa glavu yako ya kudakia, ikaharibika, nikakufokea. Ukaniambia, "Mwache mtu afurahi, Odeta." Tukaondoka mchana mweupe, tukitegemea kula Columbus kwa Zebedayo kisha tuendelee nyumbani.

Ulikaa mbele, pembeni ya Gaspari, kama kawaida yako, maana bila wewe kubishana naye njia, Gaspari haendeshi. Sisi wote tulikuwa nyuma tunaimba, Deo mrushaji wetu anapiga gongo kwenye sakafu ya gari kama ngoma. Ziwa lilikuwa upande wa kulia, kubwa, limetulia. Kutoka kiti changu niliona kofia yako tu juu ya kiti, na kila tulipopumzika kuimba nilisikia mazungumzo yenu huko mbele. Mahali fulani Gaspari alisimamisha gari pembeni, akashuka, akazunguka upande wako, tukadhani anaangalia tairi, tukampigia kelele aharakishe. Akarudi. Tukaendelea.

Columbus jua lilikuwa bado liko juu ya miti. Mke wa Zebedayo alikuwa mlangoni na kitambaa begani. Nilikimbilia mwenyewe mlango wako, nikaufungua, nikasema, "Shuka, bingwa, watu wana njaa." Kofia yako ilikuwa imeteremka usoni. Nikaiinua.

Kaka, siandiki nilichoona. Niliyempigia kelele alikuwa Mungu. Zebedayo ndiye aliyenishika, na shati lake lote lilikuwa machozi yangu. Daktari alisema ni moyo. Nikamuuliza lini, akasema mapema, njiani. Njiani wapi? Akainua mabega. Barabara ndefu vile, miji yote ile ambayo hakuna hata mmoja wetu anayejua mtu ndani yake, na wewe ulishuka katika mmojawapo tukiwa tunaimba.

Tangu hapo hatuna raha. Gari la kanisa linajaa watu wanabanana nyuma, watoto wanapakatwa, kiti cha mbele kitupu. Hakuna aliyeamuru, hakuna tu anayekaa. Deo anasema akitaka kurusha mpira, hata mazoezini, hata ukutani, anasikia mtu anasafisha koo huko mbele yake. Columbus, kwa Zebedayo, wamehamisha mahali pa kuegesha magari, wasiegeshe pale tulipokufungulia mlango. Mimi nimenunua ramani ya karatasi, niliyoitafuta sana maana siku hizi kila mtu anatumia simu, nikaibandika jikoni. Ninapokunywa chai napitisha kidole barabarani kutoka Buffalo, najiuliza ni hapa? Au hapa? Nakosea, leo nadhani ni Cleveland, kesho nadhani ni zile sehemu za mashamba. Nilikukosa mara moja, kisha nikawa nakukosa kila mji.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Gaspari alisema atanipeleka nyumbani. Tangu msiba alikuwa hanitazami usoni, akiniona dukani anageukia rafu ya mchele. Akapita mtaa wetu bila kusimama, akaenda kuegesha kwenye uwanja wa nyuma ya shule, akazima gari.

"Odeta," akasema, "Jumamosi usisimame mbele za watu useme hujui. Mimi najua."

"Unajua nini?"

"Mahali."

Mlikuwa mmepita mji wa Erie, alisema. Ulikuwa unamsimulia ule mpira wa mwisho, jinsi ulivyoupigia hesabu, ukanyamaza katikati ya maneno. Akakuita, hukuitika. Ndipo aliposimamisha gari, akazunguka, akafungua mlango wako, akaweka vidole shingoni na sikio kifuani. Kazi yake ni wazee, ameshafumba macho ya wengi, hakuhitaji kuambiwa. Pumzi haikuwepo na wala haikuwa inarudi. Akakurekebisha kofia, akafunga mlango, akaendesha.

Nilimpigia kelele mpaka watu wa upande wa pili wa uwanja wakageuka. "Mpaka Columbus? Umetuacha tunaimba na maiti ya kaka yangu? Ungepiga simu, Gaspari! Ungesema!"

"Ningepiga wangekuja," akasema. "Wangemlaza pembeni ya barabara, wamfunike, watuulize majina, halafu wampeleke mji ambao hakuna mtu hata mmoja anayemjua. Nikasema hapana. Huyu nampeleka kwa watu."

Nilishuka nikaupiga mlango. Nikauzunguka ule uwanja, natukana kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza cha ghalani. Nilimchukia, kaka, nakuambia kweli. Ilikuwa haki yangu kukushika ukiwa bado na joto, naye aliichukua bila kuniuliza. Kisha nikarudi garini, kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwepo, na nilitaka kujua yaliyobaki.

"Lakini nilikuwa nawasikia mnazungumza," nikamwambia. "Njia nzima."

Akashika usukani kana kwamba gari linakwenda. "Unakumbuka tulivyombeba mama yako?"

Nilikumbuka. Kutoka hospitali ya kambi mpaka makaburini ni mbali, na waliobeba walikuwa wakimweleza mama njia, maana mgeni akipelekwa mahali asipopajua bila kuelezwa, anaweza kubaki nyuma. Hapa ni bombani, mama. Hapa ni kwenye mgao wa unga. Sasa tunateremka, usiogope. Wewe ulikuwa kijana, umeshika pembe moja ya machela, nawe ulimwambia, "Hapa ndipo Odeta anapocheza rede."

"Basi nilimweleza," alisema Gaspari. "Nilimwambia, Nestori, ziwa linaisha sasa, liage. Nestori, Cleveland hii, tunakata kushoto. Nestori, tazama mahindi, kama ya Karagwe. Kila kibao nilimsomea. Sikumwacha nyuma, Odeta. Naapa sikumwacha popote."

Akalia, mtu mzima yule, kichwa kwenye usukani. Hasira yangu nikaitafuta nisiione. Nikamshika mgongo kama ninavyomshika mtoto mwenye kikohozi. Tulikaa pale mpaka timu ya watoto wa mtaa ilipokuja na mpira wao wa miguu kutufukuza.

Lakini kuna jambo sikumwambia, naliandika hapa kwa sababu kwa mdomo siwezi. Tulipoyafikia yale mahindi, yaani Cleveland tumeshaiacha, niliinama mbele kuomba maji. Nikamsikia Gaspari anasema, "Nestori, hawa watu hawakusumbui na kelele zao?" Na nikakusikia unajibu. Sauti yako, ile ya chini ya uwanjani, ambayo anaisikia aliye karibu tu. Ulisema, "Waache waimbe." Nikageuka nyuma nikawaambia, "Kaka anasema tuendelee!" Tukapandisha wimbo. Deo yupo, muulizeni.

Nimejaribu kuliondoa. Nimejiambia ni Gaspari alijijibu, ni upepo wa dirisha, ni kichwa changu. Najua mchungaji wetu atasema nini. Lakini naijua sauti yako, ndiyo iliyonilea. Naogopa nikilikumbuka, Nestori, nywele zinanisimama hata mchana, na sitaki mtu aniponye.

Jumamosi nitasimama. Nitasema ulikufa kwa moyo, karibu na Erie, upande wa ziwa, ukisimulia mchezo, na aliyekuwa nawe ni Gaspari, aliyekueleza njia mpaka mwisho. Nitalisema jina lake kwa sauti, ili naye apumzike. Deo anamkabidhi mdogo wake ngao yako ya uso ya udakaji, achuchumae mahali pako, na mwezi ujao Senene wanakwenda Buffalo. Mchungaji ameniuliza baada ya hotuba kuwe na nini, dakika ya kimya au sala. Nimemwambia tutaimba, ule ule wa garini, na Deo alete gongo.

Lakini unajua matanga yakiisha inakuwaje. Walio hai hawazungumzi tena na aliyekwenda, wanamwacha ashike njia yake. Mpaka leo unaniita, kazini kwenye mashine, kwenye ngazi, nikiwa nimeinamia beseni la nguo, nami huwa naacha kila kitu nageuka. Nimefanya hivyo kwa sababu nilidhani umepotea. Kumbe hukupotea, ulisindikizwa. Basi niite utakavyo mpaka Jumamosi, kaka yangu, sitalala. Baada ya hapo ukiniita, sitaitika.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Odeta